Nina fedha ya Elise, lakini mke wangu hasemi ndiyo wala hapana

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa miaka mingi bila kuandika, kwa sababu niliona matatizo ya wenzangu ni mazito kuliko langu. Hata hili naona haya kulileta. Watu wanakuandikia kuhusu ndoa na madeni, mimi nakuandikia kuhusu gari. Lakini gari hilo limeninyima usingizi miezi mitatu sasa, na nyumbani limeleta ukimya ambao sijauzoea.

Nina miaka 46. Nina mke na watoto wawili, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 9. Kazi yangu ni ya hesabu, nashinda nimekaa mezani. Gari la nyumbani tunalo, la milango minne, ni zima na halina deni.

Kisa chenyewe kilianza miaka 20 iliyopita, rafiki yangu aliponipakia kwenye Lotus Elise ya mjomba wake, lile gari dogo la Kiingereza la viti viwili. Safari haikuzidi nusu saa, na wala hatukukimbia sana, maana nakumbuka tulipitwa na magari mawili. Lakini kila kokoto ya barabara niliisikia kwenye kiti. Rafiki yangu alikuwa akibadilisha gia kwa vidole tu, na kila kona gari liligeuka kabla sijajua kwamba tumefika kwenye kona. Nilishuka magoti yakitetemeka, na haukuwa woga. Tangu siku ile sijapanda kitu kingine cha namna hiyo.

Kwa miaka 11 nimekuwa na kibubu cha gari hili peke yake. Ada za watoto na akiba ya dharura ziko kwingine na sijazigusa. Sasa nimepata magari mawili. La kwanza ni Elise 111R la mwaka 2005, lenye injini ya Toyota, limetembea kilomita 71,000 na mwenye nalo ni wa tatu. Hili litakula sehemu nne kati ya tano za kibubu. Sehemu inayobaki nimeipangia egzosi mpya na rimu nyepesi. La pili ni Alfa Romeo 4C la mwaka 2015, la Kiitaliano na la viti viwili pia, jekundu, kilomita 24,000 tu. Hilo litamaliza kibubu chote, kisha nitakopa theluthi ya bei yake na kulipa kwa miaka minne. Akili inaniambia Elise. Macho yananiambia 4C, kila nikiiona picha yake siwezi kuendelea na kazi.

Marafiki wamenichanganya zaidi. Mmoja anasema nimeshikwa na wazimu, ninunue gari la Kijerumani lenye viti vinne na injini kubwa, litakwenda kasi kuliko yote mawili. Mwingine anasema magari haya hayatengenezwi tena, kwa hiyo bei itapanda, na kwamba nichukue bila kuwaza kwa kuwa ni kitega uchumi.

Mke wangu nilimwambia waziwazi. Alinijibu hivi: “Ukilitaka, lichukue, na mimi nitapanda. Ila usinitake mimi niseme ndiyo au hapana.” Tangu hapo nikianza habari hiyo anabadilisha mazungumzo. Sijui kama ameridhia au amekasirika. Kijana wangu amefurahi kupita kiasi. Binti yangu aliuliza swali moja tu: “Mimi nitakaa wapi?” Sikuwa na jibu.

Kingine kidogo: kiuno hunisumbua, na magoti si ya zamani. Nilipokwenda kuliona Elise niliingia kwa shida. Nikisubiri mpaka nistaafu, naogopa sitaingia kabisa.

Muuzaji wa Elise anasema kuna mteja mwingine, anataka malipo ya kuniwekea kabla ya mwisho wa mwezi. Ninunue? Nichukue lipi? Au nimekuwa mtu mzima anayelilia kichezeo?

Wako,
Niliye Njia Panda

*

Kaka Njia Panda,

4C liache. Elise unaweza kulichukua, lakini bado kuna mambo mawili hayajafanyika, na bila hayo nisingekushauri utoe hata senti moja ya kuwekewa. Fundi hajalitazama tumboni, na mkeo hajakaa ndani yake.

Hilo la kichezeo nakuomba ulitoe moyoni kwanza. Mtu aliyeweka akiba miaka 11 bila kugusa ada za watoto hajawa mtoto. Unataka kitu fulani, unajua ulikipata wapi, na umekilipia polepole. Ulichokosa ni mtu wa kukaa nawe akakueleza unanunua nini hasa, maana naona marafiki zako wote wawili wamezungumzia vitu vingine.

Yule wa gari la Kijerumani anazungumzia kasi. Wewe kwenye barua yako hukuisifia kasi, tena umesema mlipitwa. Kilichokutetemesha magoti kilikuwa wepesi. Elise lilipoingia sokoni mwaka 1996 lilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi, na injini ya Rover ya lita 1.8 isiyofika nguvu ya farasi 120. Nguvu hiyo ni ya gari la kawaida la familia. Ila chasisi yake ilikuwa ya mihimili ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na ilikuwa na kilo 68 tu; watu wazima wengi wana uzito zaidi ya huo. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alikuwa ameshafariki tangu 1982, lakini waliolibuni gari hili walifuata njia yake ileile: kabla ya kuongeza nguvu, tafuta cha kupunguza.

Hilo unaloliangalia wewe, la 2005, limenenepa kidogo, liko karibu kilo 860, na injini ya Toyota inatoa nguvu ya farasi 190 hivi. Bado gari la kawaida la milango minne linalizidi kwa kilo mia tano, mia sita. Gari zito ukilitia injini kubwa litakwenda mbio kwenye barabara iliyonyooka, hilo rafiki yako hajakosea. Lakini uzito huo hauondoki. Kwenye kona unataka kuendelea mbele, kwenye breki unataka kuendelea mbele, na mainjinia wanalazimika kuweka tairi pana, springi ngumu na mitambo ya kuuzuia, kisha usukani wa kusaidiwa ili mkono wa binadamu uweze kulielekeza. Kwa hiyo dereva anapewa habari za barabara zikiwa zimepita kwenye mikono mingi. Kwenye Elise hakuna pawa stelingi. Wewe na lami mnazungumza wenyewe. Hicho ndicho ulichokisikia kwenye kiti miaka 20 iliyopita, na gari la rafiki yako haliwezi kukupa hata likiwa na farasi mia sita.

Sasa nikwambie upande wa pili wa jambo hilohilo, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Kila kilo iliyoondolewa ilikuwa na kazi. Ile iliyozuia kelele imeondolewa, kwa hiyo mawe madogo yatagonga chini na utayasikia moja moja. Ile ya viti vinene imeondolewa. Buti lipo nyuma ya injini, ni dogo, na linapata joto. Turubali la juu linafungwa kwa mkono na mvua kubwa hupenya pembeni. Mlangoni kuna ukingo mpana, maana ndio chasisi yenyewe, huwezi kuupunguza. Mtu anayependa gari jepesi hana budi avipende na hivyo ambavyo havimo. Ukijikuta unasema “nitalinunua, kisha nitaweka redio nzuri, nitaweka zulia la kuzuia kelele,” basi unachotaka ni gari lingine, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Mazda MX-5, nalo dogo la viti viwili, lina pawa stelingi, lina buti la kueleweka, turubali lake hufungwa kwa sekunde chache, na la kizazi cha nne liko karibu na tani moja tu. Kwa watu wengi wanaoniuliza, hilo ndilo jibu langu. Kwako sijalitanguliza kwa sababu ya hiyo nusu saa.

Kuhusu 4C sitaki ufikiri nalidharau. Ni gari zuri sana, kwa macho na hata chini ya bodi. Kiini chake ni beseni la nyuzi za kaboni lenye kilo 65, injini ya turbo ya lita 1.75 iko nyuma ya viti na inatoa nguvu ya farasi 240, nalo pia halina pawa stelingi. Uzito unaotangazwa, kilo 895, ni uzito mkavu, kabla ya kujaza mafuta na maji, lakini hata hivyo ni jepesi kweli. Tatizo langu la kwanza ni mkopo. Gari la kazi unaweza kulikopea kwa sababu linakupeleka kazini. Gari la moyo likiwa na deni, kila mwezi unapolipa unaliangalia kwa jicho la mhasibu, na wewe ni mhasibu tayari. Tatizo la pili limo kwenye barua yako. Ulikumbuka vidole vya rafiki yako kwenye gia. 4C lilitengenezwa na gia za klachi mbili zinazojiendesha peke yake. Pedali ya klachi haimo na hakuna namna ya kuiagiza. Ungekopa theluthi ya bei ili ukose kimoja kati ya vitu ulivyovikumbuka kwa miaka 20. Kisha kuna hilo la picha. Umesema ukiiona picha yake huwezi kufanya kazi, na nakuamini. Basi iweke picha hiyo ukutani.

Rafiki wa kitega uchumi naye ana nusu ya ukweli. 4C liliacha kutengenezwa 2020, Elise 2021, kwa hiyo idadi haiongezeki tena. Lakini ukiingia kwa mlango huo, kilomita zitakuuma. Utaanza kusema leo kuna vumbi, leo kuna mvua, nisiongeze kilomita. Na gari likikaa halitulii: betri inakufa, sili zinakauka, diski za breki zinashika kutu, tairi zinakuwa ngumu. Bei ikipanda, ushukuru. Usiinunue bei hiyo leo.

Sasa tuje kwenye Elise lenyewe.

Mimi niliwahi kumiliki gari la aina hii, la chasisi ya alumini, kwa miaka sita. Nililinunua kwa haraka, kwa mtu aliyenionyesha mafaili ya matengenezo yaliyopangika vizuri, na bodi iliyong’aa kiasi cha kujiona. Sikulifungua sakafu ya chini. Miezi minane baadaye fundi alipoifungua akaniita, akaniwekea tochi mkononi bila kusema neno. Kuna mahali mtu alikuwa amepiga jeki pasipo pa kupigia jeki, na muhimili wa alumini ulikuwa umebonyea ndani. Chuma ukikigonga unakinyoosha, unakichomelea, kinaendelea na maisha. Muhimili wa alumini uliofungwa kwa gundi hauchomelewi hivyo. Aliyeniuzia hakuwa akipokea simu tena. Nililiuza kwa hasara na nilimwambia mnunuzi kila kitu, na mpaka leo nikikumbuka ile tochi moyo unaniuma.

Kwa hiyo panga fundi anayeyajua magari haya, hata akiwa mbali, hata ikibidi umlipie nauli. Bamba la chini lifunguliwe lote. Aangalie mihimili kwa urefu wake, sehemu za kupigia jeki, na pale mikono ya sospensheni inaposhika chasisi. Kisha aende nyuma, ashike vile viungo vinavyolinda mwelekeo wa tairi za nyuma. Boljointi zake huchakaa, na kiungo kikikatika barabarani tairi ya nyuma inajigeukia yenyewe. Kwenye gari lenye injini nyuma ya viti hilo halikupi nafasi ya kufikiri. Wamiliki wengi huvibadilisha kwa vilivyo imara zaidi. Uliza kama vimeshabadilishwa, uone risiti.

Bodi ni ya faiba, na haishiki kutu, hilo ni jema. Lakini sehemu yote ya mbele ni kipande kimoja kikubwa, na ya nyuma hali kadhalika. Gari la kawaida likigongwa kwenye maegesho unabadilisha bampa. Hapa ufa mdogo unakuwa kazi ya kipande kizima, na hata rejeta ikivuja, mara nyingi kipande cha mbele hung’olewa ndipo fundi aifikie. Hivyo usidharau tone la maji chini ya pua ya gari. Aangalie pia bomba za oili zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye vipozeo vya mbele. Katika magari ya miaka hiyo zimewahi kuachia kwenye viungo, na oili ikimwagika inaweza kufika kwenye tairi.

Injini ndiyo sehemu inayonipa matumaini. Elise za mwanzo, zile za Rover, zilisumbua kwa gasketi ya silinda hedi. Hii ya Toyota ni ileile iliyofungwa kwenye Celica, kwa hiyo spea zake nyingi ni za gari la watu. Ina tabia moja ya kuijua. Ikishapata moto, ukifika mizunguko 6,200 hivi kwa dakika, inahamia kwenye sehemu nyingine ya kamshafti (mhimili wenye kamu zinazofungua vali), sauti inabadilika kwa ghafla na gari linavuta upya. Huwezi kukosa kuisikia. Ikiwa baridi haifanyi hivyo, na haipaswi kulazimishwa. Ikiwa ya moto na bado haifanyi, huenda kamu zimelika, na hiyo si kazi ndogo. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha injini na kuipasha moto kabla hujafika, muulize kwa nini, kisha rudi siku nyingine.

Tairi zisome mwenyewe. Ubavuni kuna tarakimu nne. 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019. Magari haya hayatembei sana, kwa hiyo tairi hubaki na kashata nzuri huku mpira umezeeka. Mengine hufungwa tairi za Yokohama A048, ambazo ni karibu sawa na za mashindano: kwenye lami kavu yenye joto zinashika kama gundi, kwenye lami baridi yenye maji hazikupi nafasi ya kosa. Ukizikuta, usiondoke nazo siku ya mvua.

Hapo ndipo ile sehemu ya tano ya kibubu inapoingia. Egzosi na rimu zisubiri. Fedha hiyo ni ya mwaka wa kwanza: tairi, oili zote, bushi, pengine hivyo viungo vya nyuma, na bima, ambayo uulize bei yake kabla ya kukubaliana chochote. Tena hutapata faida kubwa kwa egzosi. Umekuja kwa ajili ya usukani na kiti. Baada ya miezi 12, kama kuna kilichobaki, nunua unachotaka kwa amani.

Sitakuficha habari ya usalama, maana una watoto. Gari hili lina kimo cha mita 1.1 na ushei. Dereva wa lori akiwa kando yako hakuoni. Chukulia hivyo kila siku. Na likigongana uso kwa uso na gari lenye uzito mara mbili yake, hili jepesi ndilo linalobeba badiliko la mwendo mara mbili ya lile jingine. Wepesi unakusaidia kukwepa na kusimama mapema, lakini ajali ikishatokea haukulindi. Liendeshe asubuhi, wakati barabara ina nafasi, na usiliendeshe umechoka.

Nije kwa mkeo. Nimeisoma kauli yake mara kadhaa, na mimi sioni hasira ndani yake. Amesema atapanda. Alichokataa ni kuwa mwamuzi. Fikiria nafasi yake: akisema hapana, atakuwa yule aliyekunyima ndoto ya miaka 20, na kila utakaponuna atajiuliza kama ni hilo. Akisema ndiyo, na gari likaleta gharama, atakuwa amelibeba nusu. Wewe ulimpelekea uamuzi akakurudishia, kwa heshima kabisa. Anabadilisha mazungumzo kwa sababu kila ukianza unamrudisha kwenye swali lilelile. Usimuulize tena ndiyo au hapana. Mwambie umeamua nini, umeacha nini, na fedha ya dharura iko wapi. Nadhani neno “nimeliacha lile la mkopo” litafungua mengi.

Kisha mwombe aje kulijaribu, na hapa siongelei mapenzi peke yake. Wewe na yeye pamoja, tuseme kilo 145. Kwenye gari lenu la nyumbani hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito, gari halitikisiki. Kwenye Elise ni karibu sehemu moja ya sita. Linakaa chini zaidi, linapokea matuta kwa namna nyingine, linachelewa kidogo kusimama. Ukilijaribu peke yako utakuwa umejaribu gari moja na kununua lingine. Na yeye anapaswa kujua kama mgongo wake unakubali, kama kelele anaivumilia kwa saa mbili, kama anaweza kushuka akiwa amevaa nguo anazozivaa kweli. Kama hataki kurudi tena baada ya siku hiyo, bado unaweza kulinunua, lakini utajua kwamba ni gari la asubuhi zako za peke yako, na utampangia muda mwingine.

Binti yako ameuliza swali zuri kuliko wote. Mwambie kiti cha pili ni cha zamu, na zamu yake iwe na siku yake isiyohamishwa. Elise lilipewa jina la mtoto, Elisa, mjukuu wa Romano Artioli aliyekuwa mwenyekiti wa Lotus wakati huo; nadhani atafurahi kulijua hilo. Ila kabla ya zamu ya kwanza hakikisha mkanda unampita begani, usiwe unamkata shingoni, na kama upande wa abiria kuna mfuko wa hewa, soma kitabu cha gari kinasema nini kuhusu watoto.

Nimebakiza lile uliloliita “kingine kidogo”. Kaka, hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote katika barua yako, na umeiandika kwa mistari mitatu. Magari mengi yanaweza kusubiri kustaafu kwako. Hili lina tarehe, na tarehe hiyo iko kwenye magoti yako. Kwa sababu hiyo sikwambii usubiri miaka mitano. Nakwambia ujipime kwa haki. Turubali litolewe. Sogeza kiti nyuma mpaka mwisho, ingiza mguu mmoja, kaa kwenye ule ukingo, kisha jishushe polepole huku ukivuta mguu wa pili. Fanya hivyo mara kumi, kuingia na kutoka. Turubali lirudishwe, fanya tena mara tano. Kisha endesha saa mbili, si dakika kumi na tano, na usiamue kitu mpaka umeamka kesho yake na kukisikiliza kiuno. Kikisema hapana, umeokoa kibubu, na MX-5 haliko mbali.

Tukifika kwa muuzaji: mteja mwingine huenda yupo kweli. Mpe malipo ya kuwekewa ikiwa tu ataandika kwamba yanarudi yote endapo fundi atakuta kasoro kwenye chasisi au injini. Akikataa, mwache amuuzie huyo mwingine. Lipo pia Opel Speedster, lililotengenezwa na Lotus kiwandani Hethel, Uingereza, kwa chasisi ya jamaa hiyohiyo na injini ya Opel, na wauzaji wake mara nyingi hawana haraka kiasi hicho.

Mpigie leo. Mwambie unataka kuja asubuhi, injini iwe bado ya baridi, na kwamba mtakuja wawili.